Fundi wa Nyumbani: Patasi Tatu Zatosha Kuanzia

Wiki hii tunayo barua ya Bibi mmoja akaaye katika nyumba za polisi, mke wa sajini aliyebakiza mwaka mmoja na nusu kabla ya kustaafu. Anaandika ya kwamba mumewe na jirani yake wamechangiana na kununua kerezo dogo la umeme, lile liwekwalo juu ya meza, kwa nia ya kukereza vitu vidogo vidogo vya nyumbani na kuviuza baada ya utumishi. Hapo Bibi hana neno. Neno lilianza mwisho wa mwezi, pale mwenye duka mmoja alipomwonyesha Sajini sanduku la patasi kumi na mbili, zimelazwa juu ya kitambaa chekundu, mipini yake ikimeta kama viatu vya gwaride. Bei yake yakaribia karo ya muhula mzima ya kitindamimba wao. Sajini ameomba fedha zitoke katika akiba ya karo, naye Bibi anauliza: je, ni kweli kwamba mtu hawezi kuanza kazi hii bila ya patasi zote hizo?

Aweza. Patasi tatu zatosha kuanzia, na mbili nyingine zitafuata zikilipiwa na kazi yenyewe. Lakini jibu fupi halimtoshi mtu aliyekwisha kulitamani sanduku, na Sajini astahili kuelezwa sababu, si kukatazwa tu. Kwa hiyo naomba ukurasa huu usomwe na wote wawili.

Tuanze na tofauti iliyopo kati ya useremala wa kawaida na ukerezaji. Seremala huufunga ubao katika jiliwa, ukatulia, kisha akapeleka patasi kwenye ubao. Mkerezaji huituliza patasi juu ya egemeo, na mti ndio uendao mbio. Chukua kipande cha mti chenye unene wa sentimita 5, kizungushe mara 1,500 kwa dakika, nawe utaona ya kwamba karibu mita 235 za mti zapita mbele ya makali katika dakika moja. Patasi ya seremala haifanyi safari hiyo kwa siku nzima. Ndiyo maana patasi ya kukerezea hupata moto, hupoteza makali upesi, na hurudi kwenye jiwe la kunolea mara nyingi katika saa moja. Basi swali la kwanza la mnunuzi si "ziko ngapi?" Ni "ni za chuma gani?"

Patasi za kukerezea zilizomo madukani ni za aina mbili kubwa. Kuna zile za pua ya kawaida, ambayo hupata ugumu wake kwa kutiwa matiko motoni na kupozwa. Hizi hupata makali mazuri sana, lakini zina adui mmoja: joto la jiwe la kunolea. Ncha ikigeuka rangi ya buluu, maana yake imefika kiasi cha nyuzi 300 za Selsiasi na matiko yake yameharibika. Sehemu hiyo haitashika makali tena mpaka isagwe yote iishe. Aina ya pili ni pua ya mwendo wa kasi, ambayo watengenezaji huipiga chapa ya herufi HSS. Hii imechanganywa na madini kama tangsteni, molibdeni, kromi na vanadi, nayo hubaki ngumu hata ikikaribia nyuzi 600. Ikigeuka buluu kwenye jiwe haijaharibika kitu. Kwa mtu ajifunzaye kunoa, ambaye mkono wake bado ni mzito, tofauti hii ni kubwa kuliko tofauti ya patasi tatu na kumi na mbili.

Mimi mwenyewe nililipa gharama ya kutojua hayo. Sanduku langu la kwanza lilikuwa la patasi nane, na kwa mwezi mmoja nilidhani kwamba mikono yangu haina kipaji. Kila nilipokata mti mgumu, makali yalilala kabla sijamaliza kifundo kimoja. Fundi mmoja mzee alipozichukua na kuzigusisha kwenye jiwe aliangalia cheche tu, akaziweka chini bila kusema. Baadaye alinifundisha alichokiona, nami nakipitisha kwa Sajini bila ya malipo.

Pua ya kawaida ikiguswa na jiwe linalozunguka hutoa cheche nyingi nyeupe na za manjano, zinazopasuka kama nyota na kutawanyika matawi. Pua ya mwendo wa kasi hutoa cheche chache, nyekundu iliyofifia, ndefu, wala hazipasuki sana. Mwenye duka mwaminifu hatakataa patasi yake iguswe kidogo upande wa nyuma ya makali, mahali patakaponolewa hata hivyo. Akikataa, na herufi HSS hazikupigwa kwenye chuma bali zimechapwa kwenye karatasi ya sanduku, mtu aage kwa heshima na kwenda zake.

Sasa patasi zenyewe. Vitu ambavyo Sajini amekusudia kuvitengeneza, kwa maneno ya Bibi, ni vifimbo vya kusukumia chapati, michi ya vinu vidogo vya kutwangia vitunguu saumu, mipini ya tupa na ya bisibisi, na vitasa vya milango ya kabati. Vyote hivi, isipokuwa vitasa, hukerezwa vikiwa vimebanwa kati ya ncha mbili, na nyuzi za mti zikilala kufuata urefu wa kerezo. Kazi ya namna hiyo haihitaji vifaa vingi.

Ya kwanza ni patasi ya mfereji mpana, yaani ile ambayo ubapa wake umepinda kama mfereji wa maji, yenye upana wa kiasi cha milimita 20. Kazi yake ni kukitwaa kipande cha mti chenye pembe nne na kukifanya mviringo. Maranda yake huruka mbali, na ni patasi ya kumpa mwanafunzi moyo, kwa sababu katika robo saa ataona gogo limekuwa fimbo. Inolewe kwa pembe ya kiasi cha digrii 45.

Hapa naomba nisimame kidogo, maana patasi hii hii yaweza kumtia mtu hospitali. Mkia wake uingiao katika mpini ni mwembamba na bapa. Umetengenezwa kwa kazi ya kati ya ncha mbili tu. Siku Sajini atakapotamani kukereza bakuli, ambalo nyuzi zake hukatiza njia ya makali mara mbili katika kila mzunguko, asiichukue patasi hii hata kama ndiyo iliyo karibu. Ikinaswa na mti mpana, mkia huweza kuvunjika, na kipande kilichovunjika hakiulizi cheo cha mtu. Bakuli lina patasi yake ya mfereji, iliyochongwa kutoka katika nondo nzima ya pua, nzito mpaka ndani ya mpini. Hiyo ni ya baadaye.

Ya pili ni patasi ya mfereji mwembamba, ya milimita 10, iliyonolewa ncha yake iwe ya mviringo kama ukucha wa kidole, kwa pembe ya digrii 40 hivi. Hii ndiyo itakayochonga vifundo na mabonde ya mpini, kiuno cha mchi na duara la kitasa. Nikiambiwa nichague patasi moja tu ya kubaki nayo maishani, nitachagua hii, na wakerezaji wengi ninaowajua watasema vivyo hivyo.

Ya tatu ni patasi nyembamba ya kutengea, ya milimita 3, ambayo husimama wima na kuingia ndani ya mti moja kwa moja kama kisu. Huweka alama za vipimo, hukata bega la mpini mahali pa kuvika pete ya chuma, na mwishoni huitenga kazi iliyokamilika na kipande kilichobaki. Haina mapambo na bei yake aghalabu ni ndogo.

Kwa hizo tatu mtu aweza kufanya kazi mwaka mzima. Ya nne ikipatikana iwe ile ya bapa ambayo makali yake yamekatwa mshazari, ya milimita 20. Hulainisha mti kiasi cha kwamba msasa hauhitajiki sana, lakini ndiyo patasi yenye hila kuliko zote. Ikiguswa kwa ncha yake ya juu hujichimbia ghafla na kupasua kazi. Anayejifunza aiache mpaka amekwisha kutengeneza mipini ishirini hivi. Ya tano ni ya kukwangua, pana milimita 25, yenye ncha ya duara, nayo hufaa kwa vitasa na visahani. Zile saba nyingine zilizomo sandukuni ni ndugu wa hizi tano kwa upana tofauti. Si za bure, lakini hazina haraka.

Bibi ameuliza pia kuhusu vile vifaa vipya ambavyo jirani aliona picha zake, vyenye kijisahani kidogo cha kabaidi kilichofungwa kwa skrubu kwenye ncha ya nondo. Ni vifaa vya kweli, si hadaa. Havinolewi kwenye jiwe: upande mmoja ukichoka hulegezwa skrubu na kijisahani kikageuzwa, na mtu asiye na mashine ya kunolea huweza kuanza kazi siku ile ile. Hasara yake ni mbili. Aghalabu hukwangua badala ya kukata, hivyo mti laini hubaki na manyoya na msasa mwingi utatumika. Na kijisahani kikiisha hapana budi kutafuta kingine cha kipimo kile kile, jambo ambalo si rahisi kila mahali. Mimi nisingevianza navyo. Mtu aliyevikuta tayari, hata hivyo, asione haya kuvitumia.

Kuna njia nyingine ambayo askari wengi huijaribu kwa kuwa hawapendi kununua, nayo ni kuchonga tupa kuukuu iwe patasi. Hii nasema wazi: tahadhari kubwa. Tupa ni ngumu sana kwa makusudi, na kwa sababu hiyo ni rahisi kuvunjika kama kigae. Juu ya kerezo huweza kukatika na kurusha vipande usoni. Ikiwa mtu hajui kupunguza matiko yake motoni mpaka chuma kigeuke rangi ya majani makavu, basi tupa ibaki tupa. Afadhali kumwendea mhunzi, kama wale wa Katwe mjini Kampala ambao kazi zao za chuma zajulikana, akufulie patasi ya kukwangua kwa springi ya gari iliyotiwa matiko vizuri. Hiyo ni pua ya kawaida. Wakati wa kunoa ichovywe majini mara kwa mara. Ile ya HSS, kinyume chake, isichovywe majini ikiwa na moto mkali, kwani huweza kupata nyufa ndogo zisizoonekana.

Nimesema juu ya kunoa mara kadhaa, na sasa niseme lililo zito. Katika fedha ambazo Sajini alitaka kulipia sanduku, sehemu moja inunue patasi tatu, na sehemu nyingine inunue mashine ya kunolea. Patasi kumi na mbili zisizo na mahali pa kunolea ni vipande kumi na viwili vya chuma baada ya wiki ya kwanza. Mashine ya mawe ya milimita 150 yatosha. Za kawaida, kwa umeme wetu, huzunguka karibu mara 2,900 kwa dakika. Zipo nyingine za polepole, karibu 1,450, ambazo humsamehe mwanafunzi, lakini bei yake ni kubwa kidogo na kwa patasi za HSS si lazima. Kilicho lazima ni jiwe linalofaa. Jiwe la kijivu lijalo na mashine ni la kusagia chuma cha kawaida. Ulizia lile jeupe, la chembe 60 au 80, uweke upande mmoja. Kabla ya kulifunga, lining'inize kwa kidole na uligonge taratibu kwa mpini wa bisibisi. Likilia kama kengele ni zima. Likitoa sauti ya chungu kilichopasuka, lirudishwe dukani.

Askari hana haja ya kufundishwa kwamba silaha hutunzwa kabla ya kutumika. Anoe kabla ya kuanza, anoe kila aonapo vumbi linatoka badala ya maranda, wala asingoje patasi imkatae. Na kunoa si kusaga. Mteremko wa makali, yaani ile sehemu iliyonolewa iliyo nyuma ya ubapa, huwekwa taratibu juu ya jiwe, mguso mmoja au miwili, basi. Mteremko huo huo ndio utakaomwongoza kwenye kerezo: kwanza uegemee juu ya mti unaozunguka bila kukata, halafu mpini uinuliwe kidogo kidogo mpaka utepe wa kwanza wa maranda utokee. Anayeanza na ncha ya makali badala ya mteremko hunaswa. Kwa patasi ya kukwangua desturi ni nyingine. Hiyo haiegemei mteremko, bali hushikwa ncha yake ikiinama chini kidogo.

Katika habari ya mipini pana njia ya kupunguza gharama. Patasi ya kwanza, ile ya mfereji mpana, inunuliwe ikiwa na mpini wake. Zile mbili nyingine ziulizwe kama zapatikana bila mipini, kwani huwa rahisi zaidi. Kazi ya kwanza ya Sajini itakuwa kuikereza mipini hiyo mwenyewe: urefu wa sentimita 30 hivi, mnene mahali pa kiganja, na mbele avike pete iliyokatwa katika kipande cha bomba la shaba ili mti usipasuke. Tundu la mkia litobolewe kwa keekee kabla ya kumaliza umbo. Atakapoikamilisha atakuwa amejifunza nusu ya ukerezaji, na hasara ya mpini ulioharibika ni kuni tu.

Mti wa kujifunzia usinunuliwe. Mikahawa mizee inapokatwa mashambani ili ichipue upya, vigogo vyake huishia jikoni. Mti wake ni mgumu, mweupe wa maziwa, nyuzi zake zimeshikamana, nao hukerezwa vizuri sana kwa vitu vidogo. Mfenesi una rangi ya manjano ambayo huiva kuwa kahawia kadiri miaka ipitavyo, nao wapendwa na wanunuzi. Musizi ni laini na humsaidia mwanafunzi, ila patasi butu huuacha na manyoya. Mvule ni mzuri kwa sura, lakini vumbi lake huwasha pua na ngozi za watu wengi; mwenye kifua asiukereze bila ya kitambaa kizuri cha kuchujia hewa. Kwa vifimbo vya chapati na michi, mkahawa na mfenesi vyatosha, tena visipakwe vanishi yoyote, kwa kuwa vitagusa chakula.

Juu ya usalama sitaandika mengi, maana tulikwisha kuyaeleza ya mashine za umeme. Kwa kerezo haya ndiyo ya pekee. Usivae glavu, usivae pete wala saa, mikono ya shati iwe mifupi au ifungwe. Ngao ya uso ni bora kuliko miwani. Zungusha mti kwa mkono kabla ya kuwasha, uhakikishe haugusi egemeo, ambalo liwe umbali wa milimita 3 hadi 6 kutoka kwenye mti. Simama kando wakati wa kuwasha, si mbele ya mti. Kipande cha sentimita 5 kianze kwa mizunguko 1,000 hivi, kikishakuwa mviringo kiongezwe. Wakati wa msasa egemeo liondolewe kabisa, na kung'arisha kufanywe kwa karatasi laini, kamwe si kwa kitambaa, kwa sababu karatasi ikinaswa hukatika, na kitambaa huvuta kidole.

Kuhusu akiba ya karo, mimi si mwamuzi wa nyumba ya mtu. Lakini hesabu yangu ni hii: patasi tatu za HSS na mashine ya kunolea ya kawaida zisikaribie bei ya lile sanduku, na kwa kuwa kerezo ni la watu wawili, jirani naye atoe sehemu yake ya mashine ya kunolea. Kinachopungua kichukuliwe katika mshahara wa miezi miwili, mashine ikingojea mwezi wa pili, na karo isiguswe. Sajini yu bado kazini kwa mwaka mmoja na nusu. Huo ni wakati wa kutosha kujifunza jioni moja moja, na kujua kama vifimbo vyake vyanunuliwa, kabla kiinua mgongo hakijafika mkononi.

Mwishoni mwa barua, kwa maandishi madogo, Bibi ameuliza kama mwanamke naye aweza kukereza, au kazi yataka nguvu za mwanamume. Haitaki nguvu, Mama. Anayesukuma patasi kwa nguvu ndiye anayenaswa. Funga nywele ndani ya kitambaa kilichobana, vua kanga kiunoni uvae suruali au gauni lisilo na ncha zinazoning'inia. Neno moja tu la vipimo: kitovu cha kerezo chatakiwa kuwa usawa wa kiwiko cha mkerezaji aliyesimama. Ikiwa Sajini ni mrefu kukupita, mwambie aiweke meza kwa kimo chake, kisha akutengenezee jukwaa la mbao, pana hatua mbili, la kusimamia wewe.